Chevrolet ya 1957 na gari la leo, lipi ni gari kweli? Wajuzi wa magari ya zamani ya Marekani njooni

Mtambo Mzee #1
Wakuu habari za jioni.

Shemeji yangu yupo Michigan. Juzi kanitumia video za magari ya zamani yakipita barabara ya Woodward kule Detroit, lile tamasha lao la kila Agosti. Nimeangalia mpaka bando likakata. Chevrolet Bel Air za 1957, Cadillac za 1959 zenye mapezi marefu nyuma, Buick zenye matundu ubavuni, kromu kila mahali.

Hoja yangu ni moja: yale yalikuwa magari. Bampa la chuma kitupu, bati nene, injini ya V8 (silinda nane) ambayo ukifungua boneti unaona mpaka lami chini. Leo mtu anatoa mamilioni, akigusa nguzo ya geti bampa linachanika na fundi anamwambia halipigwi rangi, linabadilishwa zima. Na kama chuma kile kimepita miaka 60 na bado kinatembea, haya ya sasa yatafika wapi? Mimi nasema waliacha kutengeneza magari wakaanza kutengeneza biashara.

Nipingeni kwa hoja. Nawasilisha.

Kijiwe Namba Moja #2
Nimewahi siti ya mbele. Huu uzi hauishi leo.

Fundi Kipara #3
Mtoa mada, nakuunga mkono nusu. Hiyo "imara" yako ni ya kitu gani? Gari kudumu, gari kutoharibika ovyo, au gari kukulinda ukigonga? Maana mimi nimeshashika injini za zamani na za sasa, na jibu langu linabadilika kutegemea umeuliza lipi.

Binti wa Chumbageni #4
Hilo la kugonga lina jibu tayari. Mwaka 2009 IIHS, ile taasisi ya Marekani ya makampuni ya bima inayopima usalama wa magari, ilitimiza miaka 50. Wakachukua Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, wakazigonganisha uso kwa uso upande wa dereva, kila moja ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 64 hivi kwa saa.

Yenye bati nene ndiyo iliyokunjika hadi kwenye kiti. Nguzo ya kioo ikapinda, mlango ukafunguka, usukani ukarudi nyuma ukamfuata mtu. Lile sanamu la dereva wa Bel Air, kwa vipimo vyao, ni marehemu. Wa Malibu anatoka na jeraha la mguu. Na uzito wa magari yale haukupishana sana, kwa hiyo msiniletee habari za jepesi na zito.

Bampa lako kuchanika getini ndiyo kazi lililoajiriwa, kaka. Sehemu ya mbele imetengenezwa ikunjike ili wewe usikunjike.

Chuma Hakilali #5
Dada, ile video ni changa la macho. Bel Air ile haikuwa na injini, na ilikuwa imeliwa na kutu. Angalieni lile vumbi jekundu linavyoruka wakati wa kugongana. Halafu wakachagua makusudi ya 1959 kwa sababu ya chesesi yake, yaani fremu ya chini, yenye umbo la X, haina mbavu za pembeni. Wangeleta ya 57 tuone.

Binti wa Chumbageni #6
Injini ilikuwemo, silinda 6 za lita 3.9. IIHS wenyewe walijibu baada ya watu kupiga kelele kama zako.

La chesesi ya X nakupa. GM (General Motors, wenye Chevrolet, Buick na Cadillac) walianza nayo kwenye Cadillac za 1957, Chevrolet zikafuata 1958. Ila hiyo ya 57 unayoililia, shafti yake ya usukani ni nondo iliyonyooka kutoka mbele kwenye boksi la usukani mpaka kifuani kwako. Shafti inayojikunja yenyewe GM waliiweka kwenye magari ya 1967. Mikanda kuwa lazima kwa magari mapya kule ni 1968. Sasa chagua nondo ya mwaka upi unataka ikuchome.

Kijiwe Namba Moja #7
Dada kaja na mafaili 😂 Chuma Hakilali, mzee, toka hapo mlangoni.

Mbongo wa Dearborn #8
Salaam wakuu. Nipo Dearborn, Woodward si mbali na hapa. Jirani yangu, mzee mstaafu wa kiwandani, anayo hiyo Bel Air ya 57 mnayoigombania, rangi ya feruzi na paa jeupe. Jumapili kama jua limetoka huwa ananiachia niiendeshe hadi mwisho wa mtaa na kurudi, yeye pembeni kashika dashibodi.

Ngoja niwaambie inavyokuwa. Kupanda tu ni kazi: kioo cha mbele kimezungushwa hadi ubavuni, kwa hiyo nguzo yake imetokeza mlangoni usawa wa goti. Utajigonga, hakuna namna. Siti ni benchi moja, mbele mnakaa watatu. Usukani mpana na mwembamba, unauzungusha weee ndipo gari linaanza kukata kona. Swichi ya taa ndefu ipo sakafuni, unaibonyeza kwa mguu wa kushoto. Gia ni otomatiki ile ya Powerglide, ina gia mbili tu za kwenda mbele. Breki ni za drum magurudumu yote manne. Ukikanyaga mara ya kwanza linasimama vizuri. Ukishuka mteremko huku unakanyaga kila mara zinapata moto, pedali inashuka na gari linaendelea na safari zake.

Mfuniko wa tenki huuoni. Umefichwa nyuma ya kipande cha kromu kwenye pezi la kushoto, ukingoni kabisa. Kuna siku kituo cha mafuta kijana mmoja alitaka kumsaidia mzee kujaza, kazunguka gari lote anapapasa, mzee kakaa zake ndani anacheka.

Lakini ile V8 ikiunguruma... Nikirudi kwenye gari langu la kila siku najiona nimekaa ndani ya simu.

Mtambo Mzee #9
Umemaliza mkuu! "Nimekaa ndani ya simu", hilo ndilo ninalolisema siku zote.

Binti wa Chumbageni #10
Umechukua mstari wa mwisho ukaruka aya nzima ya breki. Haya.

Na hajasema hili: magari mengi ya wakati ule yalikuwa na masta silinda, ile pampu kuu ya breki, yenye njia moja. Bomba moja likivuja popote, breki zote nne zimekwenda. Njia mbili zilikuja kuwa za kawaida kule katikati ya miaka ya 60.

Fundi Kipara #11
Sasa mnaongea lugha yangu.

Kwenye kutengenezeka, zamani inashinda bila mjadala. Kabureta ya kuchanganya mafuta na hewa, halafu platini, distribyuta na koili za kuwasha cheche, basi. Gari likigoma barabarani unafungua kifuniko cha distribyuta, unasugua platini kwa msasa mwembamba, unarekebisha uwazi, unaondoka. Spana chache, bisibisi, na sikio. Leo gari linakata moto, fundi bila mashine ya kupimia anabaki kuangalia tu. Sensa moja ndogo imekufa inazima tani mbili za gari.

Lakini wazee wetu hawasemi upande wa pili: ile raha ya kutengenezeka ilikuwepo kwa sababu ulikuwa unatengeneza kila siku. Vitabu vya Chevrolet za miaka ile vilitaka grisi kwenye viungo vya chini kila maili 1,000, yaani kilomita 1,600! Platini na plagi ni vitu vya kuguswa kila baada ya miezi. Angalieni pia ile saa ya kuhesabia maili: ina tarakimu tano. Ikifika 99,999 inarudi sifuri. Kiwanda hakikuona haja ya tarakimu ya sita. Leo Corolla ikiwa na kilomita laki mbili mtu anaiuza kwa kuandika "bado mbichi".

Kamau wa Ngong #12
Fundi amegonga ndipo. Lakini wakuu mmesahau Cuba. Kule hizo gari za Marekani za 1950s ndizo teksi hadi leo. Chevrolet, Buick, Plymouth, DeSoto. Gari imekaa kisiwani na chumvi ya bahari, hakuna spea, hakuna dila, na inabeba watu kila siku. Kama hiyo si kuundwa imara ni nini? Wekeni Vitz hapo Havana miaka 60 bila spea tuone.

Sauti ya Katanga #13
Cuba isiwadanganye. Gari ni bodi tu. Ukifungua boneti unakuta injini ya dizeli iliyotolewa kwenye kitu kingine kabisa, gia za Lada, breki za kuchonga. Baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya Marekani, gari jipya la Kimarekani halikuingia tena. Na kwa muda mrefu magari ambayo raia aliruhusiwa kuuziana kwa uhuru ni yale yaliyokuwepo kabla ya mapinduzi. Sheria ilikuja kulegezwa 2011. Sasa kama ndilo gari pekee unaloweza kununua na kuuza, utalitunza au utalitupa?

Kinachodumu pale ni fundi, siyo chuma.

Kwetu Lubumbashi wazee wanasimulia magari makubwa ya Kimarekani ya wakati wa Wabelgiji. GM walikuwa na kiwanda Antwerp, na Congo ilikuwa inaendesha kulia mwa barabara kama Marekani. Leo zimebaki picha. Fundi walikuwepo, spea hazikuja, na Peugeot na Toyota zilikuwa na spea.

Kamau wa Ngong #14
Sawa bro, lakini bodi si ndiyo mjadala wenyewe? Bodi imedumu. Bodi ya gari yangu ya sasa imeanza kutoboka chini ya mlango na haijamaliza miaka kumi tangu itoke kwa meli.

Mjukuu wa Bibi #15
Hapa kuna mtego. Mnaangalia yaliyobaki mnadhani yote yalikuwa hivyo. Yaliyooza yalishayeyushwa zamani, hayawezi kuja Woodward kupigwa picha.

Mfano mzuri ni huohuo mwaka 1957. Chrysler walitoa magari mapya kabisa, chini, marefu, mapezi ya hatari, kazi ya mchoraji wao Virgil Exner. Dunia ikashangaa, GM wakarudi mezani kuchora upya. Lakini yaliharakishwa kutoka kiwandani: maji yanaingia ndani, kutu inaanza mapema, vyuma vya springi za mbele vinakatika. Jina la Chrysler likachafuka kwa miaka.

Na jingine: kwa modeli za 1957, aliyeuza zaidi ni Ford, siyo Chevrolet. Mbona kwenye video mtoa mada kaona Bel Air tupu? Ford za mwaka ule kutu ilizimaliza.

Chuma Hakilali #16
Mjukuu, hapo umenikamata kidogo. Lakini bado: gari bovu la 57 lilikuwa bovu kwa sababu ya haraka. Gari bovu la leo ni bovu kwa mpango. Wanakokotoa kabisa likufe lini, warantii ikiisha tu.

Mchumi wa Mtaa #17
Chuma, hapo umegeuza historia kichwa chini miguu juu. Mpango wa kukufanya ulichoke gari lako ulizaliwa kwenye magari hayohayo mnayoyasujudia.

Alfred Sloan wa GM ndiye aliyeshika ule mtindo wa kubadilisha sura ya gari kila mwaka, tangu miaka ya 20. Harley Earl, mkuu wake wa uchoraji, akaufikisha kileleni. Mapezi ya Cadillac yalianza 1948, Earl na watu wake waliyaiga kutoka kwenye ndege ya kivita, P-38 ya Lockheed. Yalianza vipezi vidogo. Kila mwaka yakaongezwa kidogo, mpaka 1959 yakawa marefu kuliko yote, na taa mbili nyekundu kama risasi. Kwa nini? Ili mwenye Cadillac ya 1957 ajione amevaa shati la zamani kanisani. Injini ilikuwa karibu ileile, chini hakuna maajabu. Earl mwenyewe hakuficha, alitaka mtu atamani gari jipya kabla la zamani halijachoka.

Halafu pamoja na hayo kulikuwa na soko la kubeba mzigo wote huo: petroli senti 30 hivi za dola kwa galoni, na 1956 Eisenhower anasaini sheria ya barabara kuu za majimbo, maili 41,000, sawa na kilomita 66,000. Gari la mita tano na nusu lenye kunywa mafuta lilikuwa na pa kwenda.

Dereva wa Masafa #18
Wale Ford walijua kutengeneza aisee. Hiyo Cadillac ya Ford ya 1959 ndiyo naitaka hata iwe mbovu niiweke sebuleni.

Kijiwe Namba Moja #19
Cadillac ya Ford 😂😂😂 Mbongo wa Dearborn usiseme hili huko mtaani kwako, watakufukuza.

Mbongo wa Dearborn #20
Cadillac ni GM, mkuu. Ford ni Lincoln, na zamani Mercury. Hapa Dearborn ndiyo nyumbani kwa Ford, ukisema hivyo kwenye kinyozi unanyolewa upande mmoja unaachwa.

Na hiyo ya sebuleni pima kwanza sebule. Cadillac ya 1959 ina urefu wa mita 5.7. Land Cruiser 300 ni mita 5 hivi.

Dereva wa Masafa #21
Basi GM. Mmeelewa nilichomaanisha. Mercury nimeikumbuka, zilikuja Safari Rally enzi za wazee wetu zikachukua ubingwa kama sikosei. Gari la Kimarekani kwenye vumbi letu! Hiyo imara haitoshi?

Kamau wa Ngong #22
Hapana mzee. Mercury Comet zilikuja Safari ya 1964. Ford walileta timu nzima kutoka Marekani, na kabla ya hapo walikuwa wamezikimbiza Comet kwenye uwanja wa Daytona maili 100,000 kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa, wakatangaza sana. Daytona ni lami. Hapa zikakutana na matope na makorongo, nyingi hazikufika mwisho, zilizofika zilikuwa mkiani. Aliyeshinda mwaka huo ni Ford pia, lakini Cortina GT, ka-gari kadogo ka Mwingereza, dereva wetu Peter Hughes.

Mwaka uliotangulia, 1963, magari 84 yalianza yakamaliza 7. Mshindi Peugeot 404. Na 404 ilirudi kushinda 1966, 1967 na 1968. Kwa hivyo kama ni imara ya barabara zetu, jibu lilikuwa Mfaransa.

Mzee wa Tumbaku #23
Peugeot 404! Hapo mmeniamsha. Mzee wangu alikuwa nayo Urambo, nyeupe, gia ya kwenye usukani. Ilibeba tumbaku, mbuzi, maharusi na maiti. Hakuna Cadillac ingetoboa ile barabara ya masika, ingelala na tumbo chini daraja la kwanza tu.

Binti wa Chumbageni #24
Mzee wangu shikamoo. Uzi ulikuwa wa Marekani lakini kwa 404 tunaruhusu.

Mzee wa Tumbaku #25
Marahaba binti yangu. Naendelea: ile siti ya mbele, sisi wanne...

Kijiwe Namba Moja #26
Mzee fungua uzi wa 404, tutakuja wote, naahidi.

Ngamia wa Ruwi #27
Assalaam alaykum. Nipo Muscat. Huku Ghuba magari hayo yapo mengi kwa wakusanyaji, na pale Sharjah kuna makumbusho ya magari ya zamani, mwenye nafasi apite. Yanang'aa haswa.

Ila nawauliza wenye mapenzi: mmewahi kukaa ndani yake mwezi wa sita, saa nane mchana? Kiyoyozi wakati ule kilikuwa kitu cha kuongeza kwa pesa, walio wengi hawakununua. Petroli inachemka kwenye bomba kabla haijafika kwenye kabureta, inageuka mvuke, gari linazima katikati ya mzunguko. Rafiki yangu ana Oldsmobile ya miaka ya 50, anatembea na kitambaa kibichi na chupa ya maji, anakilaza juu ya pampu ya mafuta huku watu wanapiga honi. Gari langu la sasa linawashwa kwa simu nikiwa bado nasali, nikitoka limeshapoa. Halafu mtu aniambie nirudi nyuma?

Mtambo Mzee #28
Sheikh, sikatai kiyoyozi. Nami sijasema mikanda ni mibaya. Lakini hakuna aliyejibu nguvu. V8 za wakati ule zilikuwa na farasi ambao leo unapewa baada ya kuweka tabo na umeme juu yake.

Fundi Kipara #29
Farasi wa kwenye karatasi, mkuu. Mpaka kama 1971 Wamarekani walikuwa wanapima injini ikiwa juu ya stendi, imevuliwa kila kitu: haina feni, haina altaneta, haina bomba refu la moshi. Kuanzia 1972 wakaanza kupima ikiwa imevaa kama inavyokaa kwenye gari. Angalia Cadillac Eldorado yenye injini ya lita 8.2: 1971 wameandika farasi 365, 1972 injini hiyohiyo farasi 235. Hakuna aliyeiba farasi 130 usiku.

Chevrolet V8 ya 1955, ile lita 4.3 maarufu, ya kawaida iliandikwa farasi 162 kwa kipimo hicho cha zamani. Camry ya silinda nne, lita 2.5, inatoa zaidi ya 200 kwa kipimo cha sasa, na inakwenda mbali mara mbili au tatu kwa lita moja.

Chuma Hakilali #30
Camry haina sauti.

Fundi Kipara #31
Hilo nakuachia.

Na mafuta yenyewe msisahau. Injini zile zilizoea petroli yenye madini ya risasi. Risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu. Marekani ilipigwa marufuku kabisa kwa magari ya barabarani Januari 1996, huku kwetu kusini mwa Sahara iliisha kufikia 2006. Ukileta kichwa cha silinda cha zamani leo na ukakikimbiza safari ndefu, valvu zinazama taratibu. Lazima ubadilishe viti uweke vigumu. Na shukuru Mungu iliondoka, ile risasi tulikuwa tunaivuta wote, na watoto ndio waliumia zaidi.

Mama Wawili #32
Mimi sijui platini wala chesesi, nasoma tu. Gari langu la sasa, kampuni siitaji, taa moja ya mbele ilipata maji. Nimeambiwa haifunguliwi, hainunuliwi balbu, inanunuliwa taa nzima, halafu inaunganishwa na kompyuta ndipo gari likubali kwamba hiyo ni taa yake. Bei niliyotajiwa nilikaa chini. Hizo za 1957 taa zilikuwa zinafanyaje?

Fundi Kipara #33
Dada, taa za mbele za Marekani kwa miaka mingi zilikuwa za kipimo kimoja kwa sheria, tangu 1940. Duara la kioo lililozibwa. Chevrolet, Ford, Plymouth, yote taa ileile, unanunua duka lolote, skrubu tatu, kazi imeisha. Likipasuka unatupa, unaweka jingine kwa bei ya chakula cha mchana.

Mtambo Mzee #34
MNAONA SASA! Mama Wawili amesema kwa taa moja nilichoshindwa kusema kwa uzi mzima.

Mbongo wa Dearborn #35
Hapo hata mimi napiga kura kwa zamani. Huku kuna mapambano kabisa ya haki ya kutengeneza chako. Massachusetts wananchi walipiga kura 2012 kulazimisha makampuni yawape mafundi wa nje taarifa za kupimia gari, na baadaye wakaendelea kuvutana kuhusu data zinazorushwa hewani. Na 2021 chipu zilipoadimika, Ford waliegesha maelfu ya magari yaliyokamilika kila kitu, yanasubiri kachipu. Hiyo 1957 isingetokea.

Mchumi wa Mtaa #36
Isingetokea, lakini pia mtu wa 1957 alikuwa anabadilisha gari haraka kuliko nyie mnavyodhani. Mwaka 1970 wastani wa umri wa gari barabarani Marekani ulikuwa kati ya miaka 5 na 6. Leo umepita 12. Hilo ndilo linalonitatiza kwenye hoja ya Chuma ya "kufa kwa mpango". Mbona yanakufa kwa kuchelewa?

Chuma Hakilali #37
Yanachelewa kwa sababu mapya yamekuwa ghali watu wanashindwa kununua. Siyo kwamba ni mazuri. Mtu anang'ang'ania.

Mchumi wa Mtaa #38
Hiyo nayo ni sababu, siipingi. Lakini gari bovu hata uling'ang'anie halitembei.

Binti wa Chumbageni #39
Namba yangu ya mwisho, sirudi tena kwenye ajali. Mwaka 1960 Marekani walikuwa wanakufa watu kama 5 kwa kila maili milioni 100 zinazoendeshwa. Miaka hii ni 1 na kitu. Si magari peke yake, kuna barabara, hospitali, sheria za ulevi. Lakini ile sheria ya usalama wa magari ya 1966 ilikuja baada ya watu kuchoka kuzika. Ford walijaribu kuuza usalama mwaka 1956, dashibodi yenye sponji, mikanda kwa nyongeza ya pesa. Mwaka huo Chevrolet ikawapita kwa mauzo, na viwandani wakaanza kuambiana kwamba usalama hauuzi.

Ngamia wa Ruwi #40
Dada umesema hurudi kwenye ajali umerudi na makaburi kabisa.

Dereva wa Masafa #41
Mimi swali langu tofauti. Mbona zamani ukiona taa za nyuma kwa mbali usiku unajua hii ni Cadillac, hii Chevrolet, hii Plymouth? Leo SUV zote zinafanana, nikitoka sokoni nabonyeza rimoti nisikie ipi inalia.

Mjukuu wa Bibi #42
Upepo. Umbo linalopita hewani bila kupoteza mafuta ni karibu moja kwa kila mtu. Baada ya shida ya mafuta ya 1973 Marekani waliweka sheria ya ulaji wa mafuta 1975, toka hapo mchoraji anapewa mashine ya upepo imsahihishe.

Fundi Kipara #43
Na viwanda. Siku hizi chesesi moja inavaa magari sita ya majina tofauti.

Mchumi wa Mtaa #44
Mimi nasema ni woga. Ford walithubutu na gari lao la Edsel 1957, wakaja na grili ya ajabu, wakapoteza mamilioni ya dola, 1959 wakaifunga. Kila bosi wa kampuni ya magari anaijua hadithi hiyo.

Mtambo Mzee #45
Nashukuruni wote, nimejifunza mengi. Msimamo wangu nimeurekebisha hivi: niendeshe la leo, niegeshe la 57 nje ili watu wajue nina gari.

Kamau wa Ngong #46
Na kwa wanaosema haya ya leo ni mepesi ya plastiki: GMC Hummer ya umeme ina zaidi ya tani 4. Hiyo Cadillac ya 1959 haifiki tani 2 na nusu. Sasa hiyo Hummer ikikutana na Malibu ya dada, nani anatoka na maumivu ya mguu?

Binti wa Chumbageni #47
Hilo ndilo swali la maana kuliko yote humu ndani. Mimi natembea na kagari kadogo na barabarani kila siku naona madude yanaongezeka.

Chuma Hakilali #48
Kumbe uzito una maana! #4 ulisema nisikuletee habari ya jepesi na zito.

Binti wa Chumbageni #49
Nilisema yale mawili yalilingana. Soma tena taratibu.

Kijiwe Namba Moja #50
Hummer fungueni uzi wake. Mzee wa Tumbaku ameshafungua ule wa 404, yupo kule peke yake anasimulia mbuzi.